Mkubwa Kwanza

"Shemeji, hiyo ni mashine, siyo mbuzi aliyegoma kuingia zizini!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mzee Bomba akaachia mpini, mnyororo ukarudi kwa kishindo ndani ya mashine, na yeye akabaki amekaa kwenye kile kiti kidogo cha kuteleza, magoti juu, kaptura ya kuazima imembana mapaja. Mtu wa miaka hamsini na minane, karibu maisha yake yote kayamalizia kwenye kikosi cha zimamoto, akikokota mipira ya maji, akishusha watu wazima begani kama magunia, leo anachekwa na vikongwe waliovaa raba! Jina la Bomba walimpa wenzake kazini kwa sababu ya ile mikono yake. Na mikono hiyohiyo ndiyo ilikuwa inamwaibisha.

Aliyemtania alikuwa mdogo wa mkewe, mwalimu wa michezo mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye mdomo usio na breki. Wote walimwita Kocha. Kila asubuhi aliwafundisha wazee kwenye mashine mbili kuukuu za makasia, zile za ndani ya nyumba, ambazo mtu hupiga kasia mpaka jasho likamtoka na asiende popote.

"Hebu niambie, mikono ina kazi gani?" Kocha aliuliza.

"Kuvuta. Kwani ina kazi gani nyingine?"

"Mikono ni kamba tu. Kamba haivuti, kamba inashika. Kinachofanya kazi ni miguu. Unasukuma kwa miguu mpaka inyooke, halafu mwili unalala nyuma kidogo kutoka kwenye nyonga, na mgongo umenyooka, usiukunje. Mikono ndiyo ya mwisho, inauleta mpini chini ya mbavu. Ukirudi unageuza: mikono, mgongo, miguu. Tena polepole! Sukuma kama umekasirika, rudi kama huna haraka ya kufika nyumbani."

"Mtu gani asiye na haraka ya kufika nyumbani?"

"Wanaume wote ninaowajua mimi."

Wakacheka tena. Kwenye mashine ya pili, muuguzi mmoja mstaafu, mama wa miaka sabini na ushee, alikuwa anakwenda na kurudi bila hata kuhema, akimtazama Mzee Bomba kwa huruma, na ile huruma ilimchoma kuliko kicheko. Akajifunga upya mikanda ya miguu. Akavuta.

"Umeanza na mikono," ilisema sauti kutoka kwenye benchi la ukutani.

Alikuwa mkewe, Bibie. Miaka minne sasa alikuwa haoni, presha ya macho ilikuwa imemaliza yote mawili. Alikuwa amekaa na fimbo yake mapajani, uso ameuelekeza dirishani.

"Wewe umejuaje?" mumewe aliuliza.

"Nimesikia. Ukianza na mikono hilo pangaboi la ndani linakatika: vu! Yule mama akisukuma kwa miguu linajaa: vuuuuu. Halafu kimya. Wewe huna hata hicho kimya."

Kocha akapiga makofi. "Dada, kuanzia leo umeajiriwa. Mshahara hakuna."

* * *

Mtu kama Mzee Bomba hakufika kwenye ukumbi ule kwa kupenda. Agizo lilisomwa kituoni na Mkuu, bosi mpya wa kikosi, kijana mpole ambaye bado alikuwa anawaamkia wakubwa "shikamoo" kabla ya kuwapa amri. Kila mtu wa kikosi, mkubwa kwa mdogo, atapiga kasia mita elfu mbili kwenye mashine, chini ya dakika kumi. Atakayeshindwa anashuka garini, anastaafishwa, na nyumba ya kikosi anaiachia mwisho wa mwezi. "Limetoka juu," Mkuu alisema huku anaangalia viatu vyake. Hakuna aliyeuliza juu ni wapi, maana huko juu hakuna anayekujua.

Mwingine angesema, jamani, si amebakiza miaka miwili tu astaafu? Atangulie akapumzike! Lakini msema hivyo hamjui Bibie. Yule mama alipopoteza macho, alikaa kitandani karibu mwaka mzima, hali, hasemi. Kilichomwinua ni vile vyumba viwili vya kikosi. Alivijifunza kwa mikono, ukuta kwa ukuta, mpaka akawa anapika, anafua, anafagia, anamfokea mumewe kwa kuacha viatu njiani. "Humu ndani mimi si kipofu," alikuwa akisema. "Upofu wangu unaanzia mlango wa nje."

Basi Mzee Bomba alinunua kiwanja, akaanza kujenga. Fundi ujenzi alimwona ana wazimu. "Mzee, eneo lote hili unajenga vyumba viwili vya kubanana, mlango wa jikoni unagongana na wa choo?"

"Jenga hivyohivyo."

"Na hiki kizingiti? Mbona umechora kimekaa upande?"

"Kipo upande. Nijengee upande."

Alikuwa anajenga nyumba ileile ya kikosi, kila kitu mahali pake, ili siku wakihama mkewe aingie na kuendelea kuosha vyombo kama hakuna kilichotokea. Kuta zilishafika usawa wa madirisha. Miaka miwili ya mshahara ingetosha kuziezeka, na bila mshahara zingeota majani. Bibie mwenyewe alikuwa ameshapelekwa akazipapasa, akacheka peke yake kama mtoto alipofikia kile kizingiti.

* * *

Kujifunza uzeeni ni kazi. Mara ngapi Kocha alimwekea fimbo mgongoni ili asiukunje, na mara ngapi fimbo ilianguka! Asubuhi mumewe akivuta, Bibie alikuwa benchini na masikio yake. "Mikono." "Mikono tena." "Hiyo sawa." "Hiyo sawa." "Unakimbilia wapi?" Yule muuguzi aliacha kumhurumia, akaanza kumshindania, jambo ambalo lilimpendeza zaidi.

Siku moja alipofika, akanyoosha mkono kwenye kidude cha pembeni mwa mashine, kile chenye namba moja mpaka kumi, akakisukuma mpaka juu kabisa. Kocha alimpiga kofi mkononi.

"Nani kakutuma?"

"Nimezoea sasa. Nataka iwe nzito."

"Hicho hakipimi nguvu, shemeji. Hicho ni uzito wa mtumbwi. Ukiweka kumi unasukuma mtumbwi uliojaa maji. Vijana wanakipenda kwa sifa, na migongo yao bado inasamehe. Mtu wa umri wetu tatu, nne, imetosha, nguvu utazitoa mwenyewe miguuni. Na usithubutu kuanza mwili haujapata moto. Wewe gari lako la kazini linawashwa na kuondoka palepale?"

"Tunalipasha moto kila asubuhi."

"Basi mgongo wako una thamani kuliko lile gari. Halafu pumua! Unaposukuma, toa pumzi. Ukiibana utatuangukia hapa, tuanze kuchangishana."

Wiki moja kabla ya kipimo, Kocha alimwambia ajaribu mita zote elfu mbili. Kwanza alimwendesha polepole mpaka shati likalowa, kisha akaweka kidude kwenye nne. Mzee Bomba akaenda. Ikabaki ile sauti tu: vuuuuu, kimya, vuuuuu, kimya. Bibie hakupata hata kosa moja la kumsahihisha. Alipomaliza, dakika kumi zilikuwa hazijafika, na pumzi ya kumtania muuguzi bado ilikuwepo.

Alikwenda benchini, akakaa karibu na mkewe. Bibie akampapasa uso, jasho na machozi yamechanganyika.

"Unalia nini sasa?"

"Bati, Bibie. Naziona bati juu ya ile nyumba."

"Bahati yako. Mimi nitazisikia mvua ikinyesha," alisema Bibie, na wote wawili wakacheka mpaka Kocha akawafukuza warudi nyumbani.

* * *

Siku ya kipimo, gari kubwa la zimamoto lilitolewa nje na mashine mpya ikawekwa katikati ya gereji. Watu wa nyumba za kikosi walijazana mlangoni, wake na watoto, kama wamekuja kutazama mpira. Kocha hakuwepo, alikuwa na wazee wake. Bibie alikuja ameshika bega la mumewe, akapewa kiti karibu na ukuta, pembeni ya mke wa Dereva, mwendesha gari lao.

Mzee Bomba alikuwa na mpango. Angewaacha vijana watangulie, yeye azunguke nyuma ya gari ajinyooshe, atembee, achuchumae, damu ichemke, aje amalizie mwishomwisho. Alikuwa ameshaanza kuondoka Mkuu alipomwita.

"Mzee wetu, unakwenda wapi? Haiwezekani wadogo watangulie wewe upo. Mkubwa kwanza!"

"Hapana, bosi, waache tu vijana..."

"Tutakuwa tumekosa adabu. Mkubwa kwanza!"

"Mkubwa kwanza! Mkubwa kwanza!" gereji nzima ikapokea, kwa makofi, kwa miluzi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi mimi mpaka leo. Angekuwepo adui pale, mzee angejua la kufanya.

Akakaa. Mwili ulikuwa baridi kama ulivyotoka kitandani. Dereva, rafiki yake wa miaka mingi, akapiga magoti kumfungia mikanda ya miguu kwa mikono yake mwenyewe, heshima hiyo. Kisha akanyoosha mkono pembeni mwa mashine.

"Na mzee wetu hatumpi namba za kitoto," akasema kwa sauti ili wote wasikie, akasukuma kidude mpaka kumi. "Huyu ni Bomba!"

Wakashangilia. Mzee Bomba alikitazama kile kidude. Kukishusha ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Lakini aseme nini mbele ya vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kushika mpira wa maji? Kwamba shemeji yake kamkataza? Kwamba yule mama wa miaka sabini anatumia tatu? Amshushe rafiki yake mbele ya watu, wakati rafiki amemkweza? Wahenga wanasema afadhali lawama kuliko fedheha. Basi wahenga hawakuwahi kukaa kwenye mashine ile. Akaushika mpini.

Mivuto ya kwanza aliivuta vizuri sana. Miguu, mgongo, mikono. Mikono, mgongo, miguu. Lakini Bibie alijua kabla hajafika hata wa tano. Sauti haikuwa ile. Ilikuwa nzito, inanguruma, kama mtu anaburuta kabati sakafuni. Wamempandishia, alijisemea. Midomo ikafunguka. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, shusha, na kwa jinsi alivyokuwa karibu, mumewe angelisikia. Lakini alisikia pia watu. Wangesema nini? Bomba anaamrishwa na mkewe kipofu, mbele ya kikosi! Miaka yote hii hajawahi kumtia mumewe aibu mbele za watu, aanze leo? Akaufunga mdomo, akakamata fimbo kwa mikono miwili.

Kabla ya nusu ya safari miguu iliisha. Mtumbwi uliojaa maji haubembelezwi. Hapo vijana wakadhani wanamsaidia, wakaanza kuimba ule mwito wao wa siku zote wa kukokotea mipira ya maji: "Vuta! Vuta! Vuta!" Na ile mikono, iliyokuwa imeutii mwito ule tangu ujana wake, ikautii tena. Yote ya Kocha yakamtoka kichwani. Akaanza kuvuta kwa mikono, pumzi ameibana, mgongo umepinda kama wa mtu anayetafuta sarafu chini. Vu! Vu! Vu! Bibie alikuwa anazisikia zote. Mke wa Dereva akamkumbatia. "Mumeo dume, shoga yangu! Angalia... yaani, sikiliza!"

Karibu na mwisho, kitu kiliachia chini ya mgongo wake. Ikawa kama mtu amemmwagia maji ya moto kutoka kiunoni mpaka kwenye kisigino cha kushoto. Hakuacha. Alivuta mpaka Mkuu akapaza sauti kwamba amepita, zilibaki sekunde chache tu, lakini amepita, na gereji ikalipuka kwa vifijo.

Walitaka kumbeba juujuu. "Niacheni kwanza nipoe," alisema akitabasamu. Wakadhani ni uchovu, wakamwinua na kumweka kwenye kiti pembeni, wakamwita wa pili. Yule wa pili alikuwa amepata muda wa kujinyoosha.

Bibie akafuata ukuta mpaka akamfikia.

"Nimepita," mumewe alimnong'oneza. "Nyumba ipo."

"Nimesikia. Inuka twende."

"Ngoja kidogo."

"Ngoja ya nini?"

"Mguu wa kushoto siusikii, Bibie. Usiseme kwa sauti."

Hakusema kwa sauti. Akampa bega, wakavuka uwanja taratibu, mmoja haoni, mwingine hatembei. Dereva akawaona, akapiga mluzi. "Oneni mapenzi ya uzeeni hayo!" Watu wakacheka, na Mzee Bomba akapunga mkono.

* * *

Alificha kwa siku kadhaa. Alifunga mgongo kwa kitambaa, akameza dawa za maumivu, akaomba zamu za kukaa kwenye simu. Bibie akimsikia anavyoburuta mguu alfajiri, alijifanya amelala. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Kengele ya mazoezi ilipolia, akakimbilia gari pamoja na wenzake, akainua mguu kuupandisha kwenye ngazi ya gari, mguu ukakataa kuinuka, na akaanguka chali mbele ya wote. Dereva ndiye aliyemwokota.

Hospitali waliona kwenye picha kwamba diski ya uti wa mgongo imechomoza, imebana mshipa wa fahamu. Akaambiwa alale chali. Operesheni? Labda, foleni ndefu. Mguu utarudi? Daktari alisema tutaona, akaandika kitu, akatoka.

Mkuu alikuja mwenyewe nyumbani. Aliamkia, akakaa ukingoni mwa kiti, chai akaiacha ipoe.

"Mzee, umefaulu. Kwenye karatasi umefaulu, hilo hakuna wa kukunyang'anya."

"Ahsante, bosi."

"Lakini gari huwezi kupanda."

"Siwezi."

"Na agizo linasema... anayeshuka garini..." Kijana wa watu akaanza kulia palepale, ikabidi mgonjwa ambembeleze. Mwisho wa mwezi, lakini, haukusogezwa hata siku moja, maana chozi la Mkuu halifiki huko juu.

Kocha alipopata habari yote alikuja kama moto. Alimkuta shemeji yake amelala, dada yake ameketi sakafuni anafunga vyombo kwenye shuka.

"Kumi! Umevuta kumi, mwili wa baridi! Kwa nini hukushusha?"

"Dereva aliweka kwa heshima," alisema Mzee Bomba. "Ningemwaibisha."

"Na wewe, dada? Masikio hayo yalikuwa likizo?"

Bibie akaacha kufunga. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akalisema. "Nilisikia. Tangu mwanzo nilisikia."

Mumewe akageuza kichwa kwenye mto. "Ulisikia?"

"Nilitaka kukuambia shusha. Walikuwepo watu."

"Mimi nilikuwa nangoja," alisema Mzee Bomba polepole. "Wallahi, Bibie, nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aniambie shusha, nipate kisingizio."

Kocha alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Adabu," alisema mwishowe. "Nyumba nzima mmeimaliza kwa adabu." Akachuchumaa, akaanza kufunga vyombo.

* * *

Chumba walichopata cha kupanga kilikuwa mbali, nyuma ya karakana ya magurudumu, kimoja tu, na choo uani cha kuchangia. Zile kuta za kiwanjani zilibaki usawa wa madirisha. Dereva na vijana walihamisha vitu kwa gari la mtu, wakavipanga walivyoona wao vinafaa, wakatoa pole, wakaondoka haraka. Kocha alisema atakuja kesho yake.

Mzee Bomba alikuwa amelazwa kwenye godoro kando ya ukuta. Kuinuka hawezi. Kitu pekee alichobakiwa nacho ni macho, basi hayo akamwazima mkewe.

"Nataka kukupa dawa yako," alisema Bibie. "Maji yako wapi?"

"Mbele yako. Nenda moja kwa moja. Sogea kulia, kuna ndoo. Hapana, kulia kwako. Kulia kwako, Bibie!"

Akaigonga ndoo, maji yakamwagikia miguuni. Akainama, akapapasa, akagonga paji la uso kwenye pembe ya meza ambayo jana haikuwepo duniani mwake.

"Pole. Pole, mke wangu."

"Si kitu. Wewe sema tu, nitafika."

"Inuka taratibu. Geuka. Sasa nyoosha mkono wa kushoto, kuna..."

Maumivu yakamkata. Yalikuja ghafla kama kawaida yake, kutoka kiunoni mpaka kisiginoni, akauma shuka ili asipige kelele mkewe akasikia. Alitaka kusema kabati. Alitaka kusema rudi nyuma hatua moja, usisogee, naja. Hakuna kilichotoka.

Bibie alisimama palepale kwenye maji, mikono ameitanguliza, akingoja aambiwe.